Jinsi ya Kurekodi Video ya Usaili wa Klarineti Ukiwa Uganda: Mwongozo Kamili kwa Anayetaka Kuwa Mpiga Solo

Kila inapokaribia Oktoba, na tena Novemba ikielekea ukingoni, napokea ujumbe wa aina moja. Video ilitumwa, jibu limekuja, mtu hakuchaguliwa. Waandikaji wengi ni vijana wenye vidole vyepesi na pumzi ya kutosha, waliojifunzia klarineti kwenye bendi ya polisi, ya jeshi, ya shule au ya kanisa. Nikiomba video niisikilize, tatizo ni nadra kuwa vidole.

Video nyingi hufa kabla kamera haijawashwa. Muziki uliochaguliwa haukuandikiwa klarineti aliyonayo mtu, mpiga piano amepatikana juzi, na piano yenyewe imeshuka sauti. Mambo hayo hayarekebishiki siku ya kurekodi, hata urudie mara ngapi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya wiki zilizo kabla ya siku hiyo. Jipe wiki 10, au 8 ukibanwa. Chini ya hapo, subiri mwaka ujao.

Mwongozo unafaa kwa mchujo wa awali wa konsavatori na vyuo vya muziki, na pia kwa mashindano ya kimataifa yanayochuja kwa video kabla ya kumwita mtu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Klarineti iliyokaguliwa na fundi: pedi zinaziba matundu, koki (vibonyezo vya chuma) hazilegei, springi zinarudi.
- Kidomo kizuri, yaani kipande kinachoingia mdomoni. Kile kilichokuja na klarineti ya mwanafunzi mara nyingi ndicho kinachofanya sauti iwe nyembamba. Kununua kidomo kama Vandoren B45 au M30 ni nafuu mara nyingi kuliko kununua klarineti mpya, na jopo la wasaili litaisikia tofauti.
- Boksi zima la ridi, yaani vile vijiti vyembamba vinavyotetemeka kwenye kidomo, za namba unayoizoea, lililonunuliwa mapema. Ridi mbili za kuazima hazitoshi.
- Simu yenye kamera nzuri, stendi yake, na maiki ya nje.
- Programu ya kupimia sauti na metronomu, zote kwenye simu nyingine.
- Nota zilizochapishwa, za kwako na za mpiga piano.
- Bando la kutosha au mahali penye waifai ya kuaminika.
- Ruhusa ya maandishi ya chumba. Kama klarineti ni mali ya bendi ya serikali, pata pia ruhusa ya kutoka nayo. Usimwache afande ajue habari hiyo getini.

## Hatua ya 1: Soma masharti mpaka uweze kuyasema bila karatasi

Andika kwenye daftari: wanataka vipande vingapi, je, lazima kimoja kiwe na piano, je, wanataka skeli, je, faili moja au kila kipande na faili lake. Karibu kote wanakataza kukata na kuunganisha ndani ya kipande. Wengine wanataka uso, mikono na klarineti vionekane muda wote.

Kisha shughulika na saa, kwa sababu hapa wengi wameumia. Sisi tuko saa 3 mbele ya saa ya dunia. Mapema Oktoba, ambapo konsavatori za Uingereza hufunga maombi ya muziki, saa 18:00 ya London ni saa 2 usiku Kampala. Vyuo vingi vya Marekani hufunga 1 Desemba. Wakisema 23:59 ya New York, hiyo ni saa 2 asubuhi kasoro dakika moja, Kampala, tarehe 2. Lakini wakiandika 12:00 am ya 1 Desemba, siku yao ndiyo kwanza inaanza, na kwako dirisha linafungwa asubuhi ya tarehe 1, si ya tarehe 2. Ingiza tarehe kwenye kalenda ya simu ukitumia saa ya mji wa chuo, simu ikugeuzie yenyewe. Halafu jiwekee tarehe yako, siku 5 kabla ya yao.

## Hatua ya 2: Chagua muziki unaolingana na klarineti uliyonayo

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo video nyingi zinapopotea.

Klarineti za bendi zetu karibu zote ni za B-flat. Muziki wa solo wa klasiki umegawanyika: mwingine uliandikiwa B-flat, mwingine uliandikiwa klarineti ya A, ambayo ni ndefu kidogo na iko nusu toni chini. Mpiga solo wa kulipwa hutembea na zote mbili kwenye sanduku moja. Wewe huenda una moja.

Konseto ya Mozart, yaani muziki wa solo na orkestra, K. 622 ya mwaka 1791, ndiyo kila mtu anaikimbilia. Ni ya klarineti ya A. Kwenye A, mpigaji anasoma C meja. Ukitaka kuipiga kwa B-flat pamoja na piano inayocheza A meja, unajikuta kwenye B meja yenye shapu 5, na vidole ambavyo Mozart hakuvikusudia. Yapo matoleo yaliyohamishwa ili B-flat iweze, na ni mazuri kwa kujifunzia. Lakini kwenye usaili wa chuo kikubwa jopo linaijua konseto hii nota kwa nota, na linategemea kuisikia mahali pake. Kama huna A na huwezi kuazima kwa miezi miwili, iache. Usiazime kwa wiki moja pia: matundu yako mbali kidogo, upinzani wa pumzi ni tofauti, na sauti itakusaliti.

Vipande vitatu vya Stravinsky vya klarineti peke yake, vya mwaka 1919, vina mtego wa namna hiyohiyo. Viwili vya kwanza aliviandikia A, cha tatu B-flat.

Mwenye B-flat peke yake hajafungiwa mlango. Chagua humu:

- Weber, Concertino op. 26, ya 1811. Ni fupi, inaonyesha kuimba na wepesi kwa pamoja. Ukiweza zaidi, konseto zake mbili, op. 73 na op. 74, ni za mwaka huohuo.
- Brahms, sonata mbili za op. 120, za 1894. Zinadai ukomavu. Mpiga piano dhaifu atazivunja.
- Saint-Saëns, sonata op. 167, ya 1921. Kwa maoni yangu hii ndiyo inayopuuzwa sana huku kwetu, na sehemu yake ya kwanza inamfaa mtu mwenye sauti nzuri na vidole vya kawaida.
- Malcolm Arnold, Fantasia ya klarineti peke yake, op. 87. Haihitaji piano, jambo ambalo utalithamini ukifika hatua ya 3.
- Etyudi za Rose au za Cavallini, pale chuo kinapotaka mazoezi mawili, moja la taratibu na moja la haraka.

Nota za Weber, Brahms, Saint-Saëns, Rose na Cavallini zinapatikana bure kihalali kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP.

Chagua kitu kilicho ngazi moja chini ya uwezo wako wa juu kabisa. Jopo husikiliza mamia ya video, na dakika ya kwanza inawaambia sauti yako ikoje, mapigo yako yanasimama au yanayumba, na kama unajua nota imeshuka. Ugumu wa kipande hauwasumbui hapo.

Utajua umechagua vizuri ukiweza kukipiga chote, polepole, mwisho wa wiki ya pili, bila kusimama.

## Hatua ya 3: Mpate mpiga piano kabla ya yote mengine

Uganda haina uhaba wa watu wenye kipaji cha kinanda. Uhaba ni wa wanaosoma nota za mistari mitano kwa kasi. Wengi waliolelewa na kwaya wanasoma do-re-mi za maandishi na wanafuata wimbo kwa sikio, ustadi ambao mimi mwenyewe nauonea wivu, lakini Weber haendi kwa sikio.

Anza kuuliza Kampala Music School, idara ya sanaa za maonyesho ya Makerere, na wapiga ogani wa makanisa makubwa kama Namirembe na All Saints, Nakasero. Mpelekee nota kwanza, kisha uulize. Ujumbe uwe wa heshima na ukamilike:

“Shikamoo Mwalimu. Naomba unisindikize kwenye Saint-Saëns, sehemu ya kwanza na ya pili. Nota nimeambatanisha. Mazoezi mara tatu, kurekodi asubuhi moja. Naomba uniambie malipo yako.”

Lipa. Hata kama ni mtu wa kanisa lako, hata kama ni shemeji. Anayelipwa anafanya mazoezi, na anafika.

Wimbo wa piano uliorekodiwa tayari ni suluhisho la mwisho, na baadhi ya vyuo vinaukataa. Ukiutumia, wewe ndiye unayeufuata, na kwenye muziki wa namna hii kila mtu anasikia kwamba hakuna anayepumua pamoja nawe.

Zoezi la kwanza na mpiga piano lifanyike si chini ya wiki 4 kabla ya kurekodi. Kazi imeiva mkiweza kuanza bila kuhesabu kwa sauti: unavuta pumzi, unainua klarineti kidogo, mnaingia pamoja.

## Hatua ya 4: Tayarisha ridi, na uachane na pumzi ya gwaride

Bendi ya gwaride inapiga nje, kwenye kiwanja, mbele ya matarumbeta. Anayetoka huko huja na ridi laini na pumzi ya nguvu, na kila nota ni kubwa. Jopo linataka kusikia nota ndogo kabisa ambayo bado ina kiini. Kwa wiki tatu, anza kila siku na nota ndefu: toka kimya, kua mpaka katikati, rudi kimya, programu ya kupimia ikiwa mbele yako. Utaona kwamba klarineti hupanda unapopiga kwa upole na hushuka unapopiga kwa nguvu. Midomo ndiyo inayosahihisha.

Boksi jipya la ridi 10 usilipige lote siku moja. Lowesha kila ridi majini kidogo, piga dakika 5 tu, futa, iweke kwenye kisanduku chake ikiwa bapa. Rudia siku nne hivi, ukiongeza muda. Andika namba kwa penseli upande wa nyuma. Kufikia wiki ya kurekodi uwe na tatu unazoziamini: moja ya kurekodia, mbili za akiba. Ridi mpya siku ya kurekodi ni kamari.

Kama klarineti ni ya mbao, kumbuka mpingo huo unapasuka kwa mabadiliko ya ghafla. Usitoke kwenye gari lenye jua kali ukaingia studio yenye kiyoyozi na kuanza kupuliza. Iache kwenye sanduku robo saa, kisha ipashe moto kwa kuishika mikononi.

## Hatua ya 5: Tafuta chumba, kisha tafuta saa

Piga kofi moja katikati ya chumba. Mlio ukikatika mara moja kama kabatini, chumba kimekufa na sauti yako itakuwa kavu. Ukiendelea kuzunguka kama kwenye kanisa kuu tupu, nota za haraka zitachanganyikana na jopo litadhani ulimi wako ni mzito. Unataka mlio unaokaa kidogo na kuondoka. Ukumbi wa shule wenye mapazia, au kanisa dogo lenye zulia na viti, mara nyingi hutosha.

Angalia juu. Bati bila dari, wakati wa mvua za Machi hadi Mei au Septemba hadi Novemba, ni kurekodi mvua. Na Kampala mvua hupenda mchana na jioni, kwa hiyo saa 3 hadi saa 5 asubuhi, katikati ya wiki, ndiyo saa yangu. Foleni ya asubuhi imepungua, spika za ibada zimenyamaza, watoto wako darasani. Ondoka kabisa na barabara yenye stendi ya boda.

Nenda chumbani siku moja kabla, saa ileile, ukae dakika 20 kimya ukirekodi. Sikiliza kwa visikizio. Utagundua friji, feni, jenereta ya jirani, na wale ndege wakubwa wanaolia juu ya miti kana kwamba wanadai kodi. Zima kinachozimika.

## Hatua ya 6: Pima piano siku moja kabla

Hatua hii ni fupi kusoma, na kuiruka kumegharimu watu mwaka mzima.

Washa programu ya kupimia, piga A iliyo juu ya C ya katikati ya piano. Ikisoma hertz 440 au 442, sawa. Piano nyingi za makanisani hazijaguswa na fundi kwa muda mrefu na zimeshuka.

Klarineti unaweza kuishusha: vuta kidogo kile kipande kifupi kilicho chini ya kidomo, milimita moja au mbili. Usivute hapo peke yake, kwa sababu nota za koo, yaani G, A na B-flat za katikati, zitashuka kuliko nyingine. Gawa: kidogo hapo, kidogo kwenye kiungo cha katikati. Kama piano imeshuka zaidi ya senti 20, yaani sehemu ya tano ya nusu toni, acha. Klarineti iliyovutwa kupita kiasi haielewani hata na yenyewe.

Kuipandisha ni vigumu zaidi. Piano ikiwa juu kuliko wewe unahitaji kile kipande kifupi cha urefu mdogo, mathalani milimita 64 badala ya 66.

Njia safi ni piano ya umeme yenye funguo nzito 88. Haibadiliki sauti, na nyingi zina mpangilio wa kuisogeza hadi 442. Jopo halitakunyima nafasi kwa ajili ya piano ya umeme, lakini nota zilizoshuka hawazisamehi.

## Hatua ya 7: Weka maiki na kamera

Sauti ya klarineti haitoki kwenye kengele, ule mdomo mpana wa chini, peke yake. Nota nyingi zinatokea matunduni, pale kwenye vidole. Maiki ikielekezwa kwenye kengele, baadhi ya nota zitaruka na nyingine zitapotea. Iweke mita 2 hadi 3 mbele, juu kidogo ya kichwa chako, ikitazama mikono. Ukiisogeza karibu zaidi utasikia koki zikigonga na pumzi ikivuja pembeni ya mdomo.

Maiki ya simu yenyewe ina tabia mbaya: inapandisha sauti ndogo na kubana kubwa, hivyo pianisimo (sauti ya upole kabisa) uliyoihangaikia wiki tatu inasikika sawa na forte (sauti ya nguvu). Ndiyo sababu ya maiki ya nje. Zima kila kipengele cha kusafisha kelele. Piga sehemu kubwa kabisa ya kipande na uangalie kipimo: kilele kikae kati ya desibeli -12 na -6, kisiguse 0. Mpangilio wa 48 kHz, biti 24, unatosha.

Kamera ilale kwa upana, usawa wa kifua, dirisha likiwa mbele yako na si nyuma yako. Vyote vionekane: uso, mikono, klarineti hadi mwisho. Vaa kama uko jukwaani. Nguo nyeusi mbele ya ukuta mweusi humeza klarineti.

Simu iwe kwenye hali ya ndege. Chaji ijae na kebo iwe karibu, maana umeme haukuombi ruhusa.

## Hatua ya 8: Siku ya kurekodi

Fika saa moja kabla. Pasha moto dakika 20, kisha linganisha na piano, kwa sababu klarineti baridi iko chini na itapanda ukiwa katikati ya teki, yaani rekodi moja ya kipande kizima.

Anza na kipande kigumu. Piga kuanzia mwanzo hadi mwisho, usisimame kwa kosa dogo. Teki tatu kwa kila kipande, nne ukilazimika. Baada ya hapo midomo imechoka, nota za juu zinabanika, na kila teki inakuwa mbaya kuliko iliyopita ingawa moyo unakwambia inayofuata ndiyo yenyewe.

Kati ya teki, sikiliza sekunde 30 za mwanzo kwa visikizio. Unatafuta vitu viwili: je, maiki inanasa, na je, mmelingana na piano? Mengine utayapima nyumbani. Futa maji ndani ya klarineti kila baada ya kipande. Mlio wa mate kwenye tundu moja umewahi kuharibu teki nzuri nyingi kuliko kosa la kidole.

Nota ya mwisho ikiisha, kaa hivyohivyo mpaka sauti ya chumba inyamaze, kisha shusha klarineti. Ukimtazama mtu wa kamera haraka, video inaonekana ya haraka yote.

## Hatua ya 9: Chagua teki na utume

Usichague usiku uleule. Kesho yake, zisikilize bila kutazama picha. Kisha mpe mtu mwenye sikio, asiyejua ipi unaipenda. Kati ya teki yenye makosa mawili ya vidole lakini inaimba, na iliyo safi lakini imeshikwa na hofu, natuma inayoimba. Makosa ya ulinganifu wa sauti ni kitu kingine: teki yenye nota ndefu iliyoshuka isiende popote.

Kata mwanzo na mwisho tu. Usiongeze mwangwi wala jina lenye kumetameta.

Video ya dakika 10 kwa ubora wa 1080p inaweza kufika GB 1. Kupandisha hiyo kwa bando la jioni ni kujitesa. Fanya alfajiri, au chuoni. Ukitumia YouTube, usiweke ya faragha, maana jopo litakuta mlango umefungwa. Chagua ile ya kati, inayofunguka kwa mwenye kiungo tu. Akaunti ambayo haijathibitishwa haipokei video inayozidi dakika 15, kwa hiyo ithibitishe mapema. Fungua kiungo kwenye simu ya mtu mwingine, uhakikishe kinacheza hadi mwisho.

Taja faili kama walivyoagiza: jina la ukoo, kipande, mtunzi. Hifadhi nakala ya faili asilia kwenye diski na kwenye simu ya mtu unayemwamini, kwa sababu chuo kingine kinaweza kuitaka mwezi ujao. Siku unayotuma, kagua pia kama pasipoti yako ina muda wa kutosha. Mwaliko wa usaili wa ana kwa ana ukija, viza huchukua muda mrefu kuliko ulivyodhani, na kuomba pasipoti mpya ukiwa tayari na mwaliko mkononi ni mbio ambazo huna haja ya kukimbia.